Gari la Sigara Murangi

Tumbaku haikuwa ngeni kwetu Murangi, kando ya Ziwa Victoria. Bibi zetu walinusa ugoro, wazee wakavuta kiko, na majani ya kusokota yaliuzwa mnadani pamoja na chumvi. Ila sikumbuki mzee aliyemwita mtoto akamwambia avute ili awe mwanamume. Maneno hayo yalikuja na gari.

Ilikuwa miaka ya tisini, sangara wakigombewa na viwanda vya samaki. Vijana wa mwaloni walikuwa na noti mfukoni kila asubuhi, na wenye sigara walilijua hilo kabla ya mtoza ushuru. Gari lilifika jioni, spika juu ya paa, muziki ukasikika hadi kwenye mitumbwi. Aliyecheza vizuri alipewa sigara bure. Nilikuwa bado shule ya msingi na hakuna aliyeniuliza umri. Nilipewa fulana yenye nembo, ikanifika magotini, nikaivaa kanisani Jumapili. Mama hakuona ubaya. Nguo ni nguo.

Palipoishia gari, kibanda cha video kikapokea. Jenereta likinguruma, tulimtazama Rambo mpaka tukajua kila risasi. Miaka mingi baadaye nilisoma kuwa mwaka 1983 Sylvester Stallone aliandika barua akiahidi kutumia sigara za Brown & Williamson katika filamu zisizopungua tano, Rambo ikiwa mojawapo, kwa dola 500,000. Kampuni iliachana na mipango hiyo baadaye, lakini barua yenyewe ilinifundisha kwamba hata moshi wa sinema huwa na bei.

Mwaka 2003 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku: matangazo yakabanwa, kumuuzia aliye chini ya miaka 18 kukawa kosa. Mwaka 2007 Tanzania ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao ibara yake ya 13 inadai matangazo, promosheni na udhamini wa tumbaku vipigwe marufuku. Kwetu gari likaacha kuja tu. Hakuna aliyetueleza sheria. Mwenye duka alisema mafuta yamepanda. Na dukani kwake sigara iliendelea kuuzwa mojamoja, kando ya peremende, kiberiti kikining'inia kwa kamba.

Filamu hazikuguswa kwa namna tuliyoiona. India, tangu 2012, inataka onyo litokee kwenye skrini mhusika anapovuta. Filamu za huko zinafika Murangi zikiwa zimetafsiriwa: sauti ya mtafsiri inamfuata shujaa, inamtania adui, inaimba hata. Onyo linapita chini kwa Kihindi au Kiingereza, naye mtafsiri halisomi. Wajukuu zangu wanaona moshi, onyo hawalijui.

Bodi ya Filamu ianzie hapo. Anayeuza filamu iliyotafsiriwa alazimike kuhakikisha onyo nalo linasomwa, kwa Kiswahili, kwa sauti ileile inayomtafsiria shujaa.