Kutoka Mtumwa hadi Siti: Nani kasema msanii hana kazi?

  

Leo nataka tuongelee jambo ambalo vijiweni halikauki. Pita kijiwe chochote, Sinza, Temeke au Mwananyamala, hukosi mshkaji anayesema siku akitoka kimuziki, au siku wazungu wakinunua picha zake, ndipo maisha yake yatabadilika. Kwa sasa anasubiri. Kibarua hataki, eti kubeba zege kutamuua kipaji. Ukimuuliza leo katunga nini, anakujibu mzuka haujapanda.

Upande wa pili wapo wazazi. Kwao msanii na mhuni ni mapacha. Mtoto akishika gitaa, mama anashika kichwa. "Sanaa utakula?" Hilo ndilo swali, na wengi wetu tumelisikia kabla hata ya chai ya asubuhi.

Mimi niko katikati. Nimemaliza kidato cha nne, cheti changu hakifungui mlango wa ofisi yoyote, na tangu hapo naganga njaa kwa kuandika makala. Nalipwa kwa makala inayotoka. Isipotoka, imekula kwangu. Sasa mjomba kanitafutia kazi ya stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Kanipa wiki moja ya kujibu, na maneno yake yalikuwa machache: "Chagua, mpwa wangu. Kalamu au ugali."

Nikaona kabla sijamjibu mzee, niwaangalie waliotutangulia. Sikwenda Hollywood. Nilichukua watatu wa hapa hapa kwetu, mmoja wa kuimba, mmoja wa kuchora na mmoja wa kuchonga, nione sanaa iliwageuza vipi na walikuwa wanakula nini wakati inawageuza.

Wa kwanza ni Siti binti Saad. Huyu bibi alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Hebu fikiria, msomaji, unaitwa hivyo kila siku mbele za watu! Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini wenye asili ya bara. Kwao walifinyanga vyungu, na binti alikuwa anavitembeza akivinadi. Inasimuliwa kuwa sauti yake ilifika kabla yake, watu wakajua vyungu vinakuja hata hawajamwona mwenye kuvibeba. Kumbe mazoezi ya sauti yalishaanza, tena barabarani, na vyungu kichwani.

Mwaka 1911 akahamia mjini, akapata walimu na wapigaji wa kumfundisha muziki. Siku zile taarabu ilikuwa jambo la kasri na ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaimba kwa Kiswahili, mambo ya watu wa kawaida, hata ya dhuluma za mahakamani. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Watu wa Afrika Mashariki waliofanya hivyo kabla yake utawatafuta kwa tochi. Jina la Mtumwa likafutika vinywani mwa watu, akaitwa Siti, yaani bibi wa heshima. Alipofariki mwaka 1950, tayari jina lake lilikuwa kubwa, na Shaaban Robert mwenyewe ndiye aliyeandika wasifu wake.

Wa pili ni Edward Saidi Tingatinga. Kuhusu huyu sikutaka kusoma tu. Nikapanda daladala hadi Oysterbay, pale Morogoro Stores, ambako wachoraji wa Tingatinga wana ushirika wao. Nikamkuta kaka mmoja amezungukwa na picha kama kumi, zote hazijaisha. Kwenye moja kapaka bluu ya nyuma tu, kwenye nyingine tembo hana macho. Nikamuuliza mbona hamalizi moja kwanza? Akacheka.

"Rangi ya mafuta haikauki kwa amri yako, mdogo wangu. Hii ikisubiri, naenda kwenye ile."

Nikamuuliza alijuaje kama yeye ni msanii.

"Nani alijua? Nilipokuja hapa niliambiwa nipake rangi ya nyuma. Nikapaka rangi ya nyuma miezi na miezi. Siku moja wakaniambia haya, chora ndege. Ndege wangu wa kwanza alifanana na kiatu."

Mzee Tingatinga mwenyewe alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa ndani kwa Mzungu. Alipoanza kuchora, mnamo mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za kichoraji. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, kazi ikaanza. Mkewe akawa anasaidia kuuza. Hata alipopata kazi hospitali ya Muhimbili, brashi hakuitupa, na ndugu na jamaa akawafundisha. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka kama minne tu. Leo jina lake si la mtu mmoja tena, ni jina la aina nzima ya uchoraji, na wapo watu nje ya nchi wanaolijua hilo jina bila kujua Tunduru iko wapi.

Wa tatu ndiye aliyenimaliza kabisa. George Lilanga, Mmakonde wa kusini, alizaliwa mwaka 1934. Kuchonga alijifunza nyumbani akiwa mdogo. Alipofika Dar es Salaam katika miaka ya 1970 hakupokewa kama msanii. Alipata kazi Nyumba ya Sanaa kama mlinzi wa usiku. Yaani analinda vinyago vya wenzake wakati naye mikono inamuwasha! Wakubwa wa pale walipoziona kazi zake, wakampa nafasi. Akachonga, akachora, wale mashetani wake wenye masikio makubwa na vicheko wakatoka kwenye mti wakahamia kwenye karatasi na turubai. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Baadaye kisukari kikamla miguu, akakatwa, lakini aliendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 2005.

Sasa msomaji, nilichokiona ni hiki. Hakuna hata mmoja katika hawa watatu aliyekaa kusubiri maisha yabadilike ndipo aanze. Tena kile kibarua tunachokiogopa ndicho kilichowapa kitu. Vyungu vilimpa Siti koo. Baiskeli ilimpa Tingatinga rangi. Lindo lilimweka Lilanga mahali ambapo jicho la mwenye kujua lingemwona. Na mabadiliko yenyewe hayakuanzia mfukoni. Yalianza pale mtu alipofanya kazi yake mara ya mia, akajiona si yule wa mara ya kwanza. Fedha na sifa zilifuata nyuma, na kwa Tingatinga hazikumkuta hai.

Lakini nisikudanganye kuwa mambo ni laini hivyo. Nina rafiki niliyesoma naye, sauti yake ilikuwa bomba, kwaya nzima ilikuwa inamtegemea. Akapata kazi ya kiwandani, zamu ya usiku. Mwanzoni alikuwa anaimba Jumapili, baadaye Jumapili moja moja, baadaye hakuonekana tena. Hakuna aliyemkataza kuimba. Alichoka tu. Kazi inaweza kukupa koo, na kazi hiyo hiyo inaweza kukukaba. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, wala si aibu ya kupanga misumari.

Ndiyo maana swali la mjomba nimeligeuza. Mzee anadhani kalamu na ugali ni vitu viwili vya kuchagua kimoja. Mshkaji wa kijiweni naye anadhani hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba yeye kachagua kingine. Wote wawili wanafanana kuliko wanavyojua. Siti angewasikiliza, angebaki na vyungu, au angeviacha akafa njaa kabla ya kufika mjini.

Nimemwambia mjomba hivi: "Shikamoo mjomba, nashukuru sana, Jumatatu nitakuwa dukani. Lakini saa tatu usiku hadi saa nne usinitume popote, hata kama kuna msiba wa jirani." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza saa hiyo moja itanipa nini. Nikamjibu sijui, ila bila hiyo najua nitakosa nini. Hakuridhika, lakini hakukataa.

Na wewe mwenzangu unayengoja mzuka, chukua ushauri huu bure. Usiache kibarua kwa ajili ya sanaa ambayo hujaanza kuifanya. Na usiache sanaa kwa ajili ya kibarua ambacho hakijakukataza. Tafuta saa yako moja, iwe alfajiri au usiku, uilinde kama Lilanga alivyolinda lile lango. Kama huna rangi za kichoraji, rangi ya baiskeli ipo. Kama huna studio, njia ya kwenda sokoni ipo. Kama ndege wako wa kwanza atafanana na kiatu, mchore wa pili.

Kuhusu mimi, nimesikia Kariakoo kuna vituko visivyoisha: mafundi wanaokopa nondo kwa kiapo, akina mama wanaojenga chumba kimoja kwa miaka mitano, vijana wa mikokoteni wanaojua siri za kila duka. Nitakwenda na daftari mfukoni. Ukiona jina langu limepotea kwenye ukurasa huu, ujue misumari imenishinda. Ukiliona, ujue ile saa moja bado iko salama.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.