Kabla Hujamwaga Hiyo Oili

Riruta Satellite,
Nairobi.

Mwanangu,

Baba yako ameniambia umenunua Prado ya mwaka 2006, ya petroli, lita nne, na kwamba kilomita zinasoma laki mbili na elfu themanini. Hongera, na pole pia, maana injini hiyo haijui kunywa kidogo. Uliponipigia kutoka Eldoret ulitaka kujua utie oili gani kwenye gia, na spea zipi ununue za kampuni. Mambo hayo hayatoshi kwenye simu. Nimeona nikuandikie, upate karatasi ya kumwonyesha fundi atakapoanza kukuzungusha.

Usianze na fundi. Fungua boneti utafute kile kibati cha kiwanda chenye modeli ya gari, injini na rangi. Kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Ikiwa gari ni GRJ120 kweli, hapo utasoma A750F. Hiyo ni giaboksi ya otomatiki ya spidi tano, kazi ya Aisin, na oili yake ni Toyota ATF WS. Si Type T-IV, ambayo Toyota nyingi za kabla yake zilitumia, wala si Dexron ya dumu lolote utakalopewa. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na giaboksi hiyo iliundwa kwa wepesi huo. Shida ni kwamba zote ni nyekundu. Miaka yangu ya kaunta ya spea pale Grogan (sisi wa zamani hatujazoea kusema Kirinyaga Road) nimeona watu wengi wakiingia dukani na kusema, “Mama, nipe ile nyekundu.” Nami huuliza: ya gari gani, giaboksi gani? Wengine walikasirika wakaenda duka la pili, ambako hawakuulizwa kitu.

Jirani yangu hapa karibu na Kawangware ana X-Trail ya T31, ile yenye CVT. Humo hamna gia za kawaida, mna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na Nissan waliitengenezea oili yake, NS-2. Gereji moja ikamtilia ATF nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mkanda ulianza kuteleza, gari likawa linavuma bila kwenda, na siku hizi anapanda matatu pale kituo cha 46 kama sisi wengine. X-Trail iliyofuata, T32, inataka NS-3. Basi hata mwenye gari la jina moja na lako asikupe ushauri wa oili kabla hajakuonyesha kibati chake.

Ulisema gari linapiga kishindo ukisimama, kama limegongwa kwa nyuma, na kwamba fundi ameshakuambia giaboksi imekufa. Haraka ya nini? Mwambie kwanza aingie chini na bomba la grisi. Propela za Prado zina nipo za grisi, kwenye viungo na pale zinapoteleza kurefuka na kufupika. Zikikauka hukwama, halafu huachia kwa mpigo gari linaposimama. Grisi ni bei ya chakula cha mchana. Niliwahi kuona mtu akinunua giaboksi nzima ya ex-Japan, akafungiwa, na kile kishindo kikarudi naye nyumbani.

Sasa oili yenyewe. Giaboksi yako haina kijiti cha kupimia, ndiyo maana wengi wanakuambia imefungwa maisha na haiguswi. Mimi siamini oili ya milele, hasa kwa gari linalopanda Timboroa na mizigo halafu likija Nairobi linasimama saa nzima kwenye foleni ya Naivasha Road. Joto ndilo linaloiua. Na zile kilomita unazosoma, usiziapie. Sheria yetu inazuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo lako limekuwa kwenye barabara zetu muda mrefu, na hujui waliotangulia walitia nini.

Kwa hiyo sikushauri mashine ya kusafisha, ile inayosukuma oili yote nje kwa mkupuo. Kwa giaboksi ambayo historia yake huijui, taka zilizolala chini zinaweza kusukumwa hadi kwenye valvu. Mwaga kupitia plagi ya sampu, itatoka lita tatu hivi, nawe urudishe kiasi kilekile. Ndani pamoja na toki konvata mna zaidi ya lita kumi, kwa hiyo mara ya kwanza utakuwa umebadilisha chini ya thuluthi. Endesha wiki mbili, rudia, kisha rudia tena. Ukifika mara ya tatu, karibu thuluthi mbili ya oili iliyomo itakuwa mpya, na giaboksi haikushtuliwa.

Kuna jambo moja la kusimamia wewe mwenyewe: plagi ya kujazia, iliyo ubavuni, ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia. Plagi za gari la umri huo hushika kutu. Fundi akishamwaga kisha ile ya juu ikakataa kufunguka, gari limebaki hapo hapo bila oili. Kupima nako kuna taratibu zake. Injini iwe inanguruma, gari limesimama sawasawa, na oili iwe na joto la kati ya nyuzi 46 na 56, ndipo plagi ndogo ya kupimia ifunguliwe na oili idondoke kidogo kidogo. Joto lisomwe kwa skana, si kwa kiganja.

Sampu ikishushwa kubadilisha chujio, iangalie kabla haijaoshwa. Mna sumaku ndani. Zikiwa na tope laini la kijivu, ni uzee wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, au oili nyeusi inayonuka kuungua, huku gari linateleza gia, acha kununua oili. Hakuna chupa itakayorudisha klachi zilizoisha, na wanaokuuzia dawa za kuongeza humo ndani wanakula pesa zako tu.

Upande wa spea, mimi sina dini ya “genuine” kwa kila kitu. Chujio la gia na gasketi ya sampu nunua za Toyota, maana hutavifungua tena karibuni. Sili chukua NOK, beringi Koyo, boljointi 555. Hizo ni kampuni za Japani, zimetumika hapa miaka mingi na hazina aibu. Pale usipobana mkono kabisa ni rejeta. Bomba la kupoza oili ya gia linapita ndani ya tangi la chini la rejeta, na rejeta ikizeeka likapasuka, maji na oili huchanganyika vikawa kama maziwa ya pinki. Prado za aina yako zinajulikana kwa hilo, na giaboksi huenda nayo. Kama rejeta ni ile iliyokuja na gari, mimi ningeibadilisha kabla hata ya kugusa oili.

Bandia zipo, tangu kabla ya ile sheria ya kuzuia bidhaa bandia ya mwaka 2008 na baada yake. Usinunue kwa broka anayekufuata barabarani na sampuli mkononi. Ingia dukani, angalia kifuniko na muhuri, dai risiti yenye namba ya spea, na chupa zifunguliwe mbele yako. Masanduku matupu yachane, kwa maana kuna wanaoyaokota.

Unijulishe mapema ukija, nimwambie fundi wangu wa hapa Satellite akuwekee Jumamosi asubuhi, gari likiwa bado baridi. Yeye ni mkali na hapendi kusimamiwa, lakini nimemwambia utakuwepo. Njoo na picha ya kibati, lita nne za WS, na washa mpya za plagi. Oili chafu tutaipeleka kwa wanaoikusanya, isimwagwe mtaroni kama kawaida ya mafundi.

Mama yako anasema utakuja na viazi. Lete gunia moja, si mawili.

Ni mimi,
Shangazi yako.