Gia ya Pili

Corolla ya Mzee ilikuwa ikiruka kama punda aliyechapwa. Ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, kishindo! Abiria wa nyuma walinong'onezana, "Huyu dereva kajifunzia wapi?" Jamani, gari lenyewe ni oto. Gia inabadilika yenyewe, mimi nashika usukani tu.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa Tunduma, elewa kwanza: huku barabara ndiyo shamba letu. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni mpakani, na sisi wenye vigari vidogo tunaokota makombo: mgonjwa wa kupeleka Vwawa, mama mwenye madebe ya mahindi kutoka Mlowo, msafiri aliyeachwa na basi. Kwetu sisi Corolla ile ndiyo iliyokuwa ada ya chuo ya mdogo wangu wa kike.

Basi tukaenda kwa fundi. Wa kwanza hata boneti hakufungua. Alizunguka mtaa mara moja, akarudi akitikisa kichwa. "Mzee, gia boksi imekufa. Agiza ya mtumba Dar." Bei aliyotaja ilikuwa ada yote, wala chenji haibaki. Mzee hakusema kitu. Usiku nikamsikia akimwambia Mama kwamba mtoto anaweza kusubiri mwaka mmoja.

Sikupata usingizi. Kulikuwa na jambo nililolijua mimi peke yangu.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima, gereji yake ni kivuli cha mparachichi na magogo mawili. Huyu aliuliza kabla ya kushika spana: "Inaruka ikiwa ya baridi au ya moto? Gia zote au moja?" Akasimamisha gari mahali tambarare, akaacha injini ipate moto, akapitisha mkono wa gia taratibu kutoka P mpaka L, akaurudisha P. Injini ikiendelea kunguruma, akachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, akakipangusa, akapima, akanusa. Oili ilikuwa nyekundu, na imefika kwenye alama ya moto.

"Ingekuwa nyeusi, inanuka kuungua, ningekupa pole," alimwambia Mzee. "Hii bado nzima." Akatikisa na injini kuona kama mauntingi zimechoka, maana nazo hushtua gari. Zilikuwa salama.

Ndipo akainamia waya. Toyota nyingi za miaka ya 90 zina waya mwembamba ulio pembeni ya ule wa pedali ya mafuta, unaoshuka hadi kwenye gia boksi. Kazi yake ni kuiambia gia boksi dereva amekanyaga kiasi gani. Ukilegea mno, gia hubadilika mapema na kuteleza, na vibamba vya ndani huweza kuungua. Ukikazwa mno, gia boksi inadhani umekanyaga kwa nguvu: inachelewa kubadili, presha ya oili inapanda, gia inaingia kwa kishindo.

"Nani alikaza huu?"

"Hakuna aliyeugusa," Mzee akajibu.

Mimi nikawa natazama malori.

Miezi miwili nyuma, nimechoka kupitwa na wenzangu kwenye milima ya Mbozi, nilimpa kijana mmoja wa kijiweni elfu tano akaze waya, "gari liwe na mvuto." Siku ile niliona raha kwelikweli. Kishindo kilipoanza nikanyamaza, na kila siku iliyopita ilizidi kunifunga mdomo.

"Ni mimi, Baba."

Fundi alijifanya hakusikia. Aliniambia nikanyage mafuta mpaka mwisho huku yeye akitazama: ncha ya ganda la waya na kile kikomo kilichobanwa juu ya waya vinatakiwa kukaribiana, pengo lisizidi milimita 1. Akalegeza nati mbili, akarekebisha, akazikaza. Hata nusu saa haikufika. Tukalijaribu kuelekea Vwawa. Gia ya pili iliingia, nikasikia tu injini imebadili sauti.

Nilingoja matusi. Mzee alitazama mbele tu, kisha akasema, "Ungeniambia mapema, mwanangu. Ningemwambia nini yule mtoto?" Maneno hayo yalinishtua kuliko gia.

Mdogo wangu alifungua chuo pamoja na wenzake. Nawe msomaji mwenye gari la zamani, usikimbilie gia boksi ya mtumba. Pima oili, inuse, tazama waya. Ila kabla hujafungua boneti, ulizaneni kwanza humo nyumbani nani aligusa nini. Na kama ni wewe uliyegusa, sema.