KIOO CHA TINTED KILIMPONZA: Mdada alijua kajificha, kumbe usiku anaonekana kama yupo kwenye TV

Kuna mdada mmoja, miaka 26, kahamia Sinza mwaka huu. Chumba masta, tailizi chini, dirisha kubwa la alumini na kioo cha tinted. Kodi ya miezi 6 kailipa kwa mkupuo, akabaki na godoro, jiko la gesi na Sh50,000 ya kusogezea siku. Pazia la nini sasa, wakati mchana ukisimama nje ya lile dirisha unajiona mwenyewe kama upo saluni? Akajua hapo kaula.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi anafua, mkaka wa chumba cha mbele akapita na mswaki mdomoni. "Sista, lile dera la njano linakutoa sana, sema hutaki tu kutoka nalo." Akacheka, akaenda zake bombani.

Basi bwana, mdada akabaki na povu mkononi. Lile dera hajawahi kulivaa hata kufika mlangoni. Ni la kulalia.

Watu wengi mjini hapa hawajui hiki kitu. Kioo cha namna ile hakifichi, kinarudisha mwanga. Mchana nje kunang'aa kuliko ndani, kwa hiyo aliye nje anaishia kujiona yeye. Giza likiingia ukawasha taa, mambo yanageuka: wewe wa ndani ndiye unayejiona kwenye kioo, na wa nje anakuona wewe kama yupo mbele ya TV. Dalili yake ni rahisi. Usiku ukiangalia dirishani kwako ukakuta sura yako imekaa vizuri, jua kuna mwenzako nje anaiona vizuri kukuzidi.

Mdada akaanza kupiga hesabu ya wiki tatu nyuma. Kubadilisha nguo akitoka kuoga. Kula ugali moja kwa moja kwenye sufuria. Ile siku aliyogombana na mtu wake kwenye simu, akalia mpaka saa saba usiku, taa inawaka. Yote hayo uani kwenye vyumba sita.

Shoga yake akamwambia, "Si umchane tu huyo kaka aache kuchungulia." Tatizo hakuwa anachungulia. Mlango wake unaangaliana na lile dirisha, akitoka kwenda bombani macho yanafikia hapohapo. Utamshtaki mtu kwa kosa la kutoka chumbani kwake? Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kuhifadhiwa maisha yake binafsi na nyumba yake. Sawa, lakini Katiba huwezi kuining'iniza dirishani. Sisi Waswahili mlangoni tunapiga hodi, tena hata mara tatu. Macho yakipita dirishani hayapigi hodi.

Kilichofuata ndicho kinachouma. Akaanza kuishi gizani. Ikifika saa moja jioni taa hawashi. Nguo anabadilishia chooni. Anakula kwa mwanga wa simu, anaongea kwa kunong'ona. Chumba kalipia mwenyewe, ila anaishi kama kajibanza kwa watu.

Mwisho akaenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Naomba nimwite fundi atoboe nifunge bomba la pazia."

"Marahaba mwanangu. Pazia funga, lakini ukuta wangu usiguswe. Aliyekutangulia kaniachia matundu kama kalenga shabaha. Ukitoboa, ukihama unapaka rangi chumba kizima."

Akaulizia blainzi. Fundi akaja na futi yake, akapiga hesabu kwa mita ya mraba, bei aliyotaja ingemrudisha mdada kula kwa mama yake Morogoro. Na blainzi hukatwa kwa kipimo cha dirisha lako. Ukihama, dirisha la huko likiwa na kipimo kingine, imekula kwako.

Akatundika kanga. Kanga moja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, dirisha likabaki wazi pembeni. Halafu ni pamba nyepesi, taa ikiwaka kivuli chote kinaonekana nje. Na ile ilikuwa na maandishi, "Ya kwako umeyamaliza?", yakiangalia uani. Mama wa chumba namba nne hakumsalimia siku mbili.

Akafikiria stika ya kioo, zile za ukungu unazobandika kwa maji ya sabuni na kukwangua mapovu. Hizo si mbaya, na kwa dirisha la chooni ni dawa kabisa. Ila chumbani kwa joto la Dar lazima kioo ukisogeze upepo uingie, na ukikisogeza stika inaondoka nacho. Unabaki na wavu wa mbu tu.

Jibu lilipatikana Karume, kwenye mitumba. Pea moja ya pazia zito, mshono mzima, alianzia kutajiwa Sh40,000 akapatana kwa Sh25,000. Kabla ya kulipa akafanya jambo moja la akili: akawasha tochi ya simu nyuma ya kitambaa. Ukiona umbo la mkono wako, rudisha. Upana nao akahakikisha unafika karibu mara mbili ya dirisha, maana pazia lililovutika kama ngoma linapitisha mwanga na linaacha nafasi pembeni.

Ukuta hakuugusa. Dirisha lina nondo kwa ndani, akapitisha kamba ya manila kwenye nondo za juu, akaivuta ikakaza, pazia likaning'inia. Kwa asiye na nondo za ndani, zipo fimbo zenye springi zinazojibana zenyewe kati ya kuta mbili za dirisha, unaondoka nazo ukihama.

Usiku shoga yake akasimama uani, ndani taa inawaka, mdada akaruka, akanyoosha mikono, akacheza. "Shoga sioni kitu, nasikia vishindo tu!" Siku hiyo akala mezani, taa juu, muziki kwa mbali, na lile dera lake mwilini.

Ushauri kwa mnaohama mwezi huu: kabla ya zulia, kabla ya TV ya ukutani, tenga hela ya dirisha. Na chumba msiende kukikagua mchana tu, rudini na usiku, muombe taa iwashwe, msimame nje.

Haya, na wewe unayesoma hii kitandani taa ikiwa inawaka, dirishani kwako umeweka nini? Umeshawahi kutoka nje ukaangalia?