Mwasho wa Chale

Kitenzi kuwasha hutumika kwa moto, kwa taa na kwa ngozi. Maana mbili za kwanza hazinishughulishi hapa. Ya tatu nimeijua kwa mkono wa kushoto, nilikochorwa chale ya jina la marehemu kaka yangu, herufi tano.

Nyeri mwezi wa Julai ni mji wa ukungu na sweta, nayo sufu, msomaji mpenzi, ni adui wa kidonda kibichi. Siku ya sita ngozi ilianza kubambuka, na mwasho ukaingia. Wino wa chale hukaa katika tabaka la ndani. Tabaka la juu ndilo hubambuka likijiponya. Anayejikuna huweza kung'oa kigaga pamoja na wino, na kucha zikaingiza vijidudu. Herufi moja ikififia, jina la kaka hugeuka jina la mtu mwingine.

Basi nilivaa shati la pamba ndani ya sweta. Nilinawa kwa sabuni isiyo na manukato, nikapaka losheni kidogo. Mwasho ulipozidi nilibandika kitambaa safi chenye maji baridi. Na maji ya mfereji wa Nyeri msimu huo hayahitaji barafu.

Mama angalihubiri. Cucu, ambaye masikio yake yalitobolewa na kutanuliwa usichanani, aliuona mkono na kuuliza tu:

"Ni jina la nani, mjukuu wangu?"

Nikamwambia. Akaushika mkono wangu wa kulia, ule wenye hamu ya kukuna, asiuachie hadi chai yetu ilipopoa.