Wageni Wangu wa Darajani

Nilianza kutembeza wageni Mji Mkongwe wa Unguja miaka michache baada ya UNESCO kuuingiza katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka 2000. Madaftari tuliyosomea yalijaa misikiti, milango ya nakshi, Beit el-Ajaib na kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Soko la Darajani lilipewa mistari miwili: lilifunguliwa mwaka 1904, na zamani likiitwa Estella. Basi. Lakini wageni walioniandikia barua baada ya kurudi kwao hawakuniuliza habari za milango. Waliuliza kama yule bibi wa ndimu bado yupo.

Kampuni niliyoitumikia mwanzo ilitupa nusu saa sokoni: ingia, piga picha, toka. Wageni walitoka wameziba pua, na siwalaumu. Mtu amesimamishwa katikati ya njia ya mikokoteni, anapigiwa "pisha, pisha!", hana analonunua wala anayemjua. Atakumbuka nini zaidi ya harufu?

Nilipoanza kujitegemea, kila mgeni nilimpa kikapu cha ukindu, fedha kidogo na orodha: ndimu, tangawizi, nazi, embe mbichi, binzari. Akanunue mwenyewe. Mimi nasimama kando, nikijifanya nasoma gazeti.

Alikuja mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, mama mpole mwenye maneno machache ya Kiswahili niliyomfundisha njiani. Akamwendea bibi wa ndimu.

"Hujambo, bibi? Bei gani?"

Akatajiwa.

"Punguza, bibi."

Meza zote za jirani ziliangua kicheko. Bibi akanigeukia: "Mwanangu, umemfundisha nini huyu? Ananibana kuliko mama zenu wa mitaa ya Ng'ambo!" Akapunguza, kisha akamtilia ndimu mbili za nyongeza. Siku ile tuliona bandari, Ngome Kongwe na hamamu za Kidichi. Jioni mwalimu alizungumzia ndimu mbili tu.

Tangu hapo nilijua kazi yangu ni ipi: kumtoa mgeni kwenye utazamaji na kumtia kwenye biashara. Hata kwenye mnada wa samaki, ambako hanunui, nilimpa kazi. Nguru na jodari wamelazwa chini, dalali anapandisha bei mbio mbio, na wanunuzi wanajibu kwa ishara ndogo. Nilimwambia mgeni ataje mapema nani atamchukua yule nguru mkubwa. Akikosea, ananinunulia kahawa. Nimekunywa kahawa nyingi.

Kwenye viungo nilikuwa mkali kidogo. Karafuu, mdalasini na iliki ni zetu, lakini zafarani hailimwi Unguja wala Pemba. Wageni huipenda mno, na wauzaji hawana haja ya kuwakatisha tamaa.

Watu watashangaa nikisema bustani ya Forodhani haikuwa ya kwanza katika ratiba yangu. Bustani ilipendeza baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 2009, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi sina neno nayo. Lakini mgeni akipita mbele ya meza za mishikaki, kila mchomaji humwimbia maneno yale yale kwa Kiitaliano, na hapo ndipo anaporudi kuwa mtazamaji. Mimi nilimpeleka kwenye urojo wa uchochoroni, kwenye benchi moja na watoto wa skuli. Ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe, ndani yake viazi, bajia, kachori, mishikaki na chipsi za muhogo, hauliki kwa madaha. Shati litapata doa. Mtoto wa pembeni atamwonyesha namna ya kukamulia ndimu.

Mwezi wa Ramadhani wenzangu walilalamika kuwa kazi imekufa, kwa sababu mchana hakuna kula hadharani. Kwangu ulikuwa mwezi bora. Magharibi nilimchukua mgeni nyumbani kwetu kufuturu: tende, uji, tambi, muhogo wa nazi, mkate wa kumimina. Wengi wao walifunga siku ile kwa hiari yao, wasikie njaa na wenyeji wao.

Nyinyi vijana mnaoshika kazi hii sasa, mna simu na ratiba nzuri kuliko zetu. Nawaombeni jambo moja: mgeni anunue kwanza, aombe ruhusa, ndipo apige picha. Wauzaji wale si mapambo ya mji, wako kazini.