Saa 50,000

Nimezaliwa Handeni, mji ambao maji yakitoka bombani, jirani humpigia jirani simu. Ndiyo maana watu hucheka nikiwaambia kwamba sehemu ya riziki yangu ni kufunga taa ndani ya mabwawa ya kuogelea. "Bwawa? La Handeni hii?" Hapana jamani. Mabwawa yenyewe yako Korogwe, kilomita 65 kwa lami, kwenye loji za wasafiri wa barabara ya Moshi na Arusha. Kule mto Pangani unapita hapohapo. Hata bomba letu kuu la Handeni huvuta maji yake kwenye mto huohuo, na huko chini, Hale, mto huo ulianza kuzungusha mitambo ya umeme miaka ya 1960. Maji na umeme, vitu viwili tunavyoonywa tangu utotoni visikutane, kwetu ni ndugu wa mto mmoja. Kazi yangu ni kuwakalisha karibu bila ugomvi.

Boksi la taa za LED huwa limeandikwa kwa herufi kubwa: saa 50,000. Piga hesabu. Ukiwasha saa tano kila usiku, hizo ni siku 10,000, yaani miaka 27 na ushee. Mteja akifika hapo anaona kabisa kwamba taa hii ndiyo itakayomzika yeye.

Namba hiyo si ya uongo, ila inahitaji kusomwa vizuri. Balbu ya zamani ilikuwa ikikatika uzi, inazima, basi. Diodi haifi hivyo. Inafifia polepole, kama mzee anayepoteza macho. Kwa hiyo watengenezaji huhesabu maisha yake mpaka pale mwanga unapobaki asilimia 70 ya ule wa siku ya kwanza. Tena hakuna aliyekaa miaka 27 akiitazama. Diodi hupimwa maabara kwa saa elfu kadhaa, mara nyingi 6,000 au zaidi, kisha zinazobaki hukadiriwa kwa hesabu.

Diodi yenyewe naiheshimu. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa diodi ya buluu, ambayo ndiyo iliyotupatia mwanga huu mweupe. Na kweli, katika taa nilizofungua zikiwa maiti, ni mara chache nimekuta diodi ndiyo iliyoanza kufa. Wanaotangulia ni majirani zake. Kuna kapasita, kidude cha kwenye sakiti ndogo inayoilisha diodi: joto likipanda nyuzi 10, maisha yake hupungua karibu nusu. Kuna gasketi, ambayo klorini huikakamaza mpaka inaacha upenyo. Kuna maungio ya waya: maji yakipata mwanya hapo, yanatambaa ndani ya ganda la waya hadi tumboni mwa taa. Na kuna umeme unaokatika, halafu unarudi kwa kishindo.

Loji moja ya Korogwe nilifunga taa tatu. Mwezi wa nane nikaitwa, zote zimezima. Mwenye loji ni mama wa makamo, mpole, ila siku hiyo alinisubiri getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, boksi linasema saa elfu hamsini. Hii miezi minane tu. Ni feki?"

Niliuliza kimepita nini. Ikatoka habari taratibu: pampu iliharibika, bwawa likakauka wiki mbili. Jumamosi moja kukawa na kicheni pati. Wapambaji wakaona shimo tupu linatisha, wakatandaza vitambaa humo na kuwasha taa zote tangu magharibi mpaka usiku wa manane.

"Mama, hizi taa hupozwa na maji. Kwenye bwawa kavu joto lake halina pa kwenda."

Akanyamaza. "Kumbe maji ndiyo feni yake!"

Hapo tungeishia vizuri, lakini mpwa wake alikuwa na wazo. Tununue taa za kawaida za ukutani, bei robo, tuzizibe kwa silikoni, tuziunge moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. "Si zote ni LED, fundi?"

Taa za bwawa nilizofunga hutumia volti 12 kutoka kwenye transfoma iliyokaa mbali na maji. Siku maji yakiingia ndani yake, inakufa peke yake. Ile ya ukutani ina volti 230. Maji yakiipata, haifi peke yake, na mwili uliolowa haujui kuupinga umeme. Siku ya Idi bwawa lile hujaa watoto. Nikakataa, nikafunga mkoba wangu, nikapanda gari la Handeni bila hata nauli ya kurudia. Njiani niliwaza kwamba fundi mwingine atakuja kesho na silikoni yake.

Hakuja. Baada ya wiki mbili mama alipiga simu: amepata hela ya taa mbili. Nikazifunga, na kule kwenye swichi nikaweka kikata umeme kinachohisi mvujo wa miliampea 30. Shimo la taa ya tatu nimeliziba kwa mfuniko, na upande ule hawaogelei usiku.

Juu ya transfoma nikaandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kufunga, na chini yake: USIWASHE BWAWA LIKIWA KAVU. Hata boksi lilikuwa na onyo hilo. Liliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kama sisimizi, upande wa chini kabisa, ule unaokaa sakafuni.